Shajara ya mradi: majina ya Wanoongar kwenye Mto Swan, kutoka Walyalup hadi Upper Swan

Februari: mipaka ya kazi

Kazi ni kutengeneza tabaka la ramani ya kidijitali lenye majina ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Australia, kando ya Derbarl Yerrigan, mto ambao ramani za serikali ya Australia Magharibi zinauita Swan. Tabaka linaanzia mlango wa mto huko Fremantle (Walyalup), linapita Perth na Guildford, na linaishia pale kijito cha Wooroloo kinapoingia. Kutoka hapo kwenda juu mto uleule huitwa Avon. Walowezi waliukuta sehemu mbili tofauti wakaupa majina mawili, na ilikuwa 1834 ndipo George Fletcher Moore alipothibitisha kuwa ni mto mmoja.

Maelezo ya kila jina yataandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa sababu Perth zipo familia zilizotoka Kongo, Burundi na Tanzania zinazoishi kwenye kingo hizi bila kuwahi kuelezwa, kwa lugha wanayoielewa vizuri, kwamba ardhi hii ina wenyewe.

Majina ya kigeni yenyewe yanahitaji safu yake, maana yanaonyesha nani alipita na alikuwa anamwogopa au kumsifu nani. Willem de Vlamingh, Mholanzi, aliingia Januari 1697 akauita mto kwa jina la bata maji weusi aliowaona, ndio swan kwa Kiingereza. Visiwa vya Heirisson vimebeba jina la afisa kijana wa meli ya Kifaransa ya mwaka 1801. Machi 1827 James Stirling, nahodha wa jeshi la majini la Uingereza, alipanda mto kutoka meli ya Success akagawa majina kama anayegawa zawadi: Mount Eliza kwa mke wa Gavana Darling, Ellen Brook kwa mke wake mwenyewe, Melville Water kwa bwana mkubwa wa jeshi la majini, Point Fraser kwa mtaalamu wa mimea aliyekuwa naye. Perth ilianzishwa Agosti 1829. Majina ya Kinoongar yalikuwa yameshatumika hapo kwa muda usiolinganishika: kwenye eneo la Upper Swan zana za mawe zimepimwa kuwa na umri wa miaka kama 38,000.

Machi: chanzo kikuu ni sauti ya Yagan

Orodha ya zamani yenye thamani kuliko zote ni ya mlowezi Robert Menli Lyon, iliyochapishwa kwa awamu katika gazeti la Perth Gazette, Machi na Aprili 1833. Lyon hakutembea na daftari akijaza majina ya kusikia barabarani. Mwaka 1832 Yagan, shujaa wa Wawhadjuk (Wanoongar wa eneo la Perth), alikamatwa pamoja na wenzake wawili wakapelekwa kisiwa cha Carnac, ambacho jina lake ni Ngooloormayup, na Lyon akakaa nao huko chini ya ulinzi wa askari. Kwa wiki kama sita Lyon alijifunza kwao maneno na majina ya mahali, mpaka wafungwa walipochukua mashua na kurudi bara. Orodha ilipochapishwa, baba yake Yagan, Midgegooroo, alikuwa bado hai. Tarehe 22 Mei 1833 alipigwa risasi na kikosi cha serikali bila kufikishwa mahakamani. Yagan aliuawa tarehe 11 Julai, na kichwa chake kikapelekwa Uingereza. Kilirudi nyumbani 1997, kikazikwa bonde la Swan tarehe 10 Julai 2010.

Ndiyo maana jedwali letu lina safu ya msemaji kabla ya safu ya mnukuzi. Orodha nyingi za kisasa zinaandika "Lyon 1833" na kuishia hapo. Hilo ni kosa la kumbukumbu na ni kosa la haki. Kwenye jedwali hili mstari unasomeka: msemaji, Yagan na wenzake, mahali pa usimulizi, Ngooloormayup, mnukuzi, Lyon, kuchapishwa, 1833.

Kunakili kutoka gazetini kuna mitego yake. Gazeti limeskaniwa na Maktaba ya Taifa ya Australia na linasomeka bure kwenye Trove, lakini maandishi yaliyosomwa na kompyuta hayaaminiki hata kidogo kwenye majina ya Kinoongar. Programu imefunzwa maneno ya Kiingereza, kwa hiyo ikikutana na jina isilolijua hulivuta kuelekea neno inalolijua. Makosa yanayojirudia: "rn" kusomwa "m", "oo" kusomwa "co", "l" kusomwa "t", na jina lililokatwa mwisho wa mstari kuwa majina mawili. Utaratibu ulioshika ni huu: watu wawili wananakili kutoka kwenye picha, si kutoka kwenye maandishi ya pembeni, kila mmoja peke yake, faili mbili zinalinganishwa kwa kompyuta mstari kwa mstari, panapotofautiana mtu wa tatu anaangalia picha ikiwa imekuzwa. Kisha marekebisho yanaingizwa Trove kwenyewe, ambako msomaji yeyote anaruhusiwa kusahihisha, ili atakayefuata asianze upya.

Machi, mwishoni: jedwali

Safu zilizobaki baada ya kupunguza: jina kama lilivyoandikwa na mnukuzi, herufi kwa herufi, jina kama Wanoongar wanavyoliandika leo, msemaji, mnukuzi, mwaka, chanzo na ukurasa, umbo, shaka kwa mita, kiwango cha ruhusa, maelezo.

Safu mbili za kwanza zisiunganishwe kamwe. Ukisahihisha tahajia ya 1833 ndani ya safu ileile, umefuta ushahidi wa jinsi jina lilivyosikika.

Safu ya umbo ndiyo iliyoleta mjadala mrefu. Programu ya ramani inapenda nukta, na mtumiaji anaipenda pia. Lakini Beeliar ni wilaya, Derbarl Yerrigan ni maji marefu, Matagarup ni mahali pa kuvuka, Mooro Katta ni kilima. Tabaka likawa matatu: nukta, mistari na maeneo. Kila umbo lina shaka yake iliyopangwa kwenye madaraja manne: mita 50, mita 250, mita 1,000, na "wilaya". Nukta yenye shaka ya mita 1,000 haichorwi kama nukta. Inachorwa kama duara lenye kingo zilizofifia, ili mtu asije akasimama kwenye maegesho ya magari akidhani amefika penyewe.

Aprili: wilaya za Lyon

Lyon alieleza wilaya kwa mipaka. Beeliar, ya Midgegooroo: kaskazini Melville Water na Mto Canning, mashariki milima, magharibi bahari, kusini mstari unaokwenda moja kwa moja mashariki kutoka Mangles Bay. Mooro, ya Yellagonga: magharibi bahari, kusini mto, mashariki Ellen Brook. Beeloo, ya Munday, ni upande wa pili, kati ya Canning na Swan.

Mito na bahari ni mipaka ambayo msemaji anaweza kuwa ameitaja. Mstari ulionyooka kuelekea mashariki kutoka Mangles Bay ni kalamu ya Mwingereza. Familia za Wanoongar zilikuwa na haki za kupita, kuwinda na kukusanya chakula kwenye ardhi ya wakwe na ndugu, na haki hizo zilibadilika kwa msimu. Kwa hiyo ukingo wa maji umechorwa kwa mstari mzima, na ule mstari wa kusini umechorwa kwa vitone, huku rangi ya eneo ikififia kabla ya kuufikia. Kwenye maelezo imeandikwa wazi kuwa mstari huo ni wa Lyon.

Mei: kuibandika ramani ya 1838

Ramani ya msingi ya mji ni mchoro wa Alexander Hillman wa 1838, unaoonyesha mitaa ya Perth na maziwa yaliyokuwa kaskazini yake. Hatua za kuiweka kwenye viwianishi vya leo kwa programu ya ramani ya QGIS:

Skani iwe ya nukta 400 kwa inchi au zaidi, faili ya TIFF, bila kunyooshwa na programu ya simu. Mfumo wa viwianishi ni ule wa Australia wa GDA2020, MGA kanda ya 50 (namba yake kwenye programu ni EPSG:7850). Takwimu nyingi za zamani za serikali ziko kwenye GDA94 (EPSG:28350). Tofauti kati ya hizo mbili ni karibu mita 1.8, kwa sababu bara la Australia linasogea kuelekea kaskazini-mashariki kama sentimita 7 kwa mwaka. Kwa jina lenye shaka ya mita 250 hiyo si kitu, lakini ukichanganya tabaka mbili bila kuzibadilisha, ukingo wa mto unatokea mara mbili na watu wanaanza kuhoji ramani nzima.

Vipimo vya wakati ule ni cheni: cheni moja ni mita 20.12, na 80 zinafanya maili. Hilo linasaidia kukagua. Ukipima mtaa kwenye ramani iliyokwisha kubandikwa, urefu wa viwanja ugawanyike vizuri kwa cheni. Usipogawanyika, karatasi imevutika au imenywea.

Nukta za ukaguzi, yaani zile zinazooanisha ramani ya zamani na ya leo, zichukuliwe kwenye vitu ambavyo havikuhama: pembe za St Georges Terrace na Barrack Street, jengo la Old Court House la 1836 hadi 1837, na kwa upande wa kusini kinu cha upepo cha 1835 kwenye Point Belches. Kwenye ramani za Fremantle tumia Round House, lililojengwa 1830 na 1831 juu ya mwamba wa Arthur Head. Mageuzi ya polinomia, yaani kanuni ya hesabu ya kuihamisha karatasi kwenye viwianishi, ya daraja la kwanza yanahitaji nukta 3, la pili 6, la tatu 10. Lakini hicho ni kiwango cha chini cha hesabu. Weka angalau mara mbili yake, zikiwa zimetawanyika hadi pembeni mwa karatasi.

Mtego mkubwa uko hapa. Mbinu ya kunyumbua iitwayo thin plate spline hupitisha ramani juu ya kila nukta uliyoweka, kwa hiyo ripoti inaonyesha kosa sifuri. Kosa halijaondoka, limesukumwa kwenye nafasi kati ya nukta, na ndiko yaliko maziwa na vinamasi tunavyovitafuta. Dawa yake ni kuacha nukta chache nje ya hesabu, kisha kupima umbali wake baada ya ramani kunyumbuliwa. Umbali huo ndio unaoandikwa kwenye safu ya shaka.

Usitumie ukingo wa mto kama nukta ya ukaguzi. Ukingo wa Perth umejazwa udongo, na bustani na barabara za leo zimekaa palipokuwa maji. Anayelinganisha ukingo wa 1838 na wa leo anaivuta ramani nzima kuelekea kusini.

Juni: maji yaliyokuwapo

Mwezi huu ulikwenda wote kwenye ukingo wa zamani, kwa sababu majina mengi hayana maana bila maji yake.

Mlangoni, Walyalup, kulikuwa na mwamba wa mawe ya chokaa uliovuka mto na kuzuia meli. Ulilipuliwa miaka ya 1890 chini ya mhandisi C. Y. O'Connor, na bandari ikafunguliwa 1897. Tangu hapo maji ya chumvi hupanda kirahisi zaidi, na samaki na mimea ya kingo ikabadilika. Mwamba umechorwa kama mstari wa kihistoria, kwa rangi tofauti na daraja la leo.

Matagarup ni pale penye visiwa vya Heirisson. Jina linahusishwa na kina cha maji kinachofika mguuni. Hapa ndipo watu walipovuka kwa miguu, juu ya mafungu ya tope na visiwa vidogo. Barabara ya Causeway ilifunguliwa 1843 juu ya kivuko hichohicho, jambo la kawaida kabisa: barabara za walowezi zilifuata njia zilizokuwapo. Baadaye mchanga ulichimbwa na visiwa vikaunganishwa kuwa kimoja. Anayeweka nukta ya Matagarup katikati ya kisiwa cha leo anakosea umbo. Tumeichora kama mstari mpana unaovuka mto mzima, kutoka ukingo hadi ukingo. Daraja la watembea kwa miguu lililofunguliwa 2018 na kuitwa Matagarup liko mbele kidogo kuelekea chanzo cha mto, na limewekewa mstari wake ili visichanganywe.

Kaskazini mwa mji kulikuwa na mnyororo wa maziwa ya maji baridi: Kingsford, Irwin, Sutherland, Henderson, Poulett na mengine. Yalikaushwa kwa mifereji. Stesheni ya reli ya Perth imekaa juu ya Ziwa Kingsford. Third Swamp, ambayo jina lake ni Boodjamooling, ndiyo bustani ya Hyde Park ya leo, na maji yake bado yanaonekana.

Kwenye maziwa hayo kuna mstari mmoja tunaoupa uzito kuliko wowote: njia ya Fanny Balbuk Yooreel, mwanamke wa Kiwhadjuk aliyezaliwa Matagarup karibu 1840 na kufariki 1907. Kwa mujibu wa mwandishi Daisy Bates, aliyenukuu majina mengi kutoka kwake, njia yake ya tangu utotoni ilikwenda moja kwa moja kutoka Matagarup hadi kinamasi kilichokuja kuwa stesheni, ambako wanawake walikusanya kamba wa maji baridi na mboga. Ua ulipojengwa aliuruka. Nyumba ilipojengwa alipita ndani yake. Huyu ni mtaalamu wa jiografia aliyekuwa akisahihisha ramani ya mji kwa miguu yake, na majina aliyoyatoa yana safu ya msemaji yenye jina lake kamili. Njia imechorwa yenye shaka ya mita 250, kwani tunajua ncha zake mbili vizuri kuliko katikati.

Julai: Boorloo

Maoni mengi yaliyoletwa kwenye rasimu yalihusu jina hili. Leo Boorloo hutumika kwa Perth yote, na matumizi hayo ni hai na yanakubalika. Lyon mwaka 1833 aliandika "Boorlo" kwa Perth, akaongeza kuwa hasa ni Point Fraser, ile rasi ya mashariki karibu na kivuko. Hakuna haja ya kuchagua mojawapo. Zipo rekodi mbili: eneo dogo kwenye Point Fraser, la 1833, na eneo la mji, la matumizi ya sasa. Mtumiaji akibofya moja anaona kiungo cha nyingine.

Kilima cha Mount Eliza na Kings Park nacho kina majina zaidi ya moja yanayotumika: Mooro Katta, Kaarta Gar-up, Kaarta Koomba. Chini yake, kando ya maji, ni Goonininup, mahali pa chemchemi panapohusiana na Wagyl, nyoka mkuu aliyechonga mto. Kilima, mteremko na chemchemi vinaweza kuwa na jina kila kimoja. Kuvibana kwenye nukta moja yenye "majina mbadala" ni kupoteza ramani ya asili iliyo bora kuliko yetu.

Agosti: kulinganisha tahajia

Jina moja linaweza kuandikwa kwa namna sita. Sababu zinajulikana. Kinoongar hakitofautishi b na p, d na t, g na k kama Kiingereza, hivyo kila mnukuzi alisikia alichozoea. Vokali zikaandikwa kwa desturi ya Kiingereza: oo, ee, u. Na Mwingereza asiyetamka r baada ya vokali huiandika kuonyesha vokali ndefu.

Kompyuta inatengeneza ufunguo wa utafutaji: p inakuwa b, t inakuwa d, k inakuwa g, herufi pacha zinapunguzwa, r inayotangulia konsonanti inaondolewa, vokali zinaondolewa. Kwa njia hiyo "katta" ya vitabu vya zamani na "kaarta" ya leo zote hutoa "gd", na "Derbal Yaragan" ya Lyon hukutana na "Derbarl Yerrigan".

Ufunguo huo usihifadhiwe kama tahajia, wala usiachwe uamue. Kinoongar kina sauti rl, rn na rd zinazotamkwa kwa ulimi uliokunjwa nyuma, na kanuni ya kuondoa r inazifuta zote. Kompyuta inaleta majirani; mzungumzaji wa lugha ndiye anayesema kama ni ndugu.

Septemba: ruhusa, na Kiswahili

Kiwango cha ruhusa kina ngazi tatu: wazi, fifisha, usionyeshe. Jina lililochapishwa 1833 si lazima liwe wazi, maana kuchapishwa si kuruhusiwa. Uamuzi ni wa wazee wa Kiwhadjuk, na rekodi inayosubiri jibu inakaa "usionyeshe" mpaka jibu lije. Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya 1972, inayotumika jimboni baada ya ile ya 2021 kufutwa, inalinda eneo hata kama halijaandikishwa, kwa hiyo kukosekana kwenye rejista ya serikali si ruhusa ya kulitangaza. Mafaili yaliyofifishwa yanafifishwa kabla ya kutoka kwenye kompyuta yetu. Kuficha tabaka kwa mtindo wa rangi tu hakutoshi. Mtu akipakua faili, viwianishi vyote vimo. Juu ya ramani kuna onyo kwamba yamo majina ya marehemu.

Kwenye maandishi ya Kiswahili majina yanabaki kama Wanoongar wanavyoyaandika, bila kiambishi -ni: tunaandika "pale Matagarup", "kando ya Goonininup". Kile kiishio -up, ambacho huandikwa pia -ap, tayari kinabeba maana ya mahali.

Matamshi yanahitaji safu yake. Ngooloormayup huanza na sauti ya ng'ombe, si ya ngoma, na Noongar lenyewe lina sauti hiyohiyo katikati. Wanukuzi wengi wa Kiingereza waliiangusha sauti hii mwanzoni mwa neno kwa kushindwa kuitamka hapo. Msomaji wa Kiswahili anayo tayari mdomoni, ila tahajia ya Kinoongar haina ile alama (') ya ng', kwa hiyo kila jina la namna hii limewekewa matamshi: Ng'ulurmayap.

Yaliyobaki

Sehemu ya Guildford hadi Upper Swan bado ni nyembamba. Mandoon imewekwa karibu na mlango wa Mto Helena kwa shaka ya mita 1,000, nayo itapunguzwa baada ya ramani za viwanja vya walowezi kubandikwa. Viwanja hivyo ni vyembamba na virefu, kila kimoja kikigusa maji, na pembe zake za mtoni hazifai kwa ukaguzi kwa sababu ileile ya kingo kuhama. Tumia pembe za nyuma, mbali na mto. Rekodi za Mto Canning, Djarlgarra, zinaanza baada ya hapo, kuanzia Goolugatup kwenye rasi ya Heathcote.